Niliuza Machweo Jambiani

Jua halizami baharini Jambiani. Kijiji kiko pwani ya mashariki ya Unguja. Jua linachomozea upande wa mwamba na jioni linapotelea nyuma ya minazi, huko bara. Mtoto yeyote wa pale anajua. Mimi nilizaliwa Unguja, na bado niliandika kwenye tangazo la nyumba ya kupangisha wageni: "Kaa barazani utazame jua likizama baharini, mkononi una bilauri ya juisi ya ukwaju." Sentensi hiyo niliitoa kwenye tangazo la nyumba moja ya Kendwa, kaskazini magharibi ya kisiwa, ambako ni kweli tupu. Niliiona tamu, nikabadilisha jina la kijiji, basi.

Naanza na machweo kwa sababu ndiyo dhambi nyepesi. Hakuna mgeni aliyewahi kuyalalamikia. Kilichoniumbua ni maji.

Nyumba si yangu. Ni ya ami yangu anayeishi Muscat, aliyeijenga kidogo kidogo akiwa na nia ya kuja kuzeekea nyumbani. Alitaka, mpaka siku hiyo ifike, nyumba imlipe mlinzi wake na ijinunulie makuti, maana paa la makuti halina subira. Baada ya miaka michache linavuja na lazima liezekwe upya. Akanikabidhi funguo. Nilikuwa karani mwenye simu yenye kamera nzuri na ulimi mwepesi, nikadhani kwa kazi ile vinatosha.

Picha nilizipiga saa kumi jioni, siku ya bamvua. Nilijua ninachofanya. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kupita kiasi kabla ya alfajiri na tena alasiri, na jua la saa kumi, likiwa mgongoni mwa mpiga picha, huitia bahari ile rangi inayowafanya watu wa Dar na Nairobi waombe likizo. Mawimbi yalikuwa yanalamba ukuta wa nyumba. Ningepiga saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, picha ingetoa mchanga, majani ya bahari, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mwambani, zaidi ya kilomita moja kutoka mlangoni. Siku za bamvua tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita 4. Kwenye pwani tambarare kama ya Jambiani, mita 4 za kimo ni safari ya miguu, tena uwe na viatu vya mpira kwa ajili ya miba.

Niliandika "bahari ipo mlangoni". Na kweli, saa ile ilikuwa mlangoni. Sikutunga kitu; nilichagua saa.

Mengine yalikuja yenyewe, kwa sababu ukishaandika la kwanza kalamu inalegea. "Mazingira tulivu" maana yake duka la karibu hufungwa mapema. "Nyumba ya asili" maana yake hakuna kiyoyozi. Maji ya bombani yanatoka kisimani na yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Hilo nililiacha kabisa. "Dakika 45 kutoka uwanja wa ndege" labda kwa gari la wagonjwa. Msikiti uko jirani, na adhana ya alfajiri inaingia chumbani kama kengele ya saa. Kwangu hilo ni neema, lakini mgeni ana haki ya kuambiwa kabla hajalipa.

Ndipo akapiga simu bwana mmoja wa Dar es Salaam. Alitaka kumleta mama yake mzazi, mwenye magoti mabovu, ambaye siku nyingi alikuwa akiomba apelekwe akae ndani ya maji ya chumvi. Aliniuliza waziwazi: mama ataweza kuingia bila kutembea sana? Nikamjibu, "Mlangoni kabisa, kaka." Sikutazama mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu.

Walifika Jumamosi baada ya Isha, na boti yao ya kurudi ilikuwa Jumapili alasiri. Asubuhi bibi alitoka barazani amejifunga kanga, tayari kwa maji. Akasimama, akatazama mbele, kisha akaniita: "Mwanangu, bahari mmeipeleka wapi?" Alicheka yeye mwenyewe. Mwanawe hakucheka.

Ningeweza kusema hapo: kosa langu, maji yanarudi baada ya adhuhuri, badilisheni boti na tofauti ya nauli nitalipa mimi. Badala yake nilijitetea. Nilifungua tangazo nikamsomea neno baada ya neno, nikamwuliza liko wapi la uongo, nikamalizia kwa kusema kwamba kupwa na kujaa ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Mpaka leo ndilo ninaloona haya zaidi, kumtanguliza Mungu awe wakili wa tangazo nililoliandika mimi. Yule bwana alisema tu, "Haya, kaka." Wajukuu wakachukua ndoo mbili, wakatembea mpaka kwenye maji, wakarudi nayo nusu imemwagika njiani, na bibi akatia miguu ndani ya ndoo pale barazani. Wakaondoka. Sikurudisha hata shilingi. Pesa zile zilinunua makuti.

Linaloniuma ni wepesi wa jambo lenyewe. Juma moja mbele au nyuma yangekuwa maji mafu. Siku hizo bahari haiendi mbali, na hujaa mnamo saa nne asubuhi, wakati mzuri wa kumwingiza mtu mzima taratibu, jua halijawa kali. Nyumba ni ileile, bei ileile, mteja yuleyule. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua kalenda na kusema, "Kaka, usije wiki hii." Niliogopa kwamba neno hilo litamfukuza.

Kosa la pili alinionyesha jirani, mama wa makamo anayelima mwani mbele ya nyumba. Kilimo hicho cha biashara kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa huko hungoja maji yatoke ili waende shambani, kukagua kamba na vigingi, kuvuna na kufunga mbegu upya. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha tangazo kwenye simu. Akaniuliza, bila hasira, "Pwani hii haina watu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimewakata. Picha mbili tatu za asubuhi nilikuwa nazo, nzuri tu, na kila moja ilikuwa na wanawake wamejitwika magunia ya mwani, au vigingi vimesimama safu kwa safu, au marundo ya mawe yaliyofunikia makumbi yanayooza taratibu chini ya mchanga mpaka yafae kusokotwa kamba za usumba. Nilizipunguza pembeni mpaka ukabaki mchanga mtupu na mnazi mmoja. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu aliyelipa kupumzika hataki kuona mwenzake akifanya kazi. Nani aliniambia hivyo, sijui. Labda ni matangazo ya wengine, ambayo nayo yamekata watu.

Usiku ule nilikifungua kitabu cha wageni, ambacho kwa kweli sikuwahi kukisoma nikiwa na nia ya kujifunza. Nilikitumia kutafuta sifa za kunakili. Hakuna aliyesifu rangi ya maji. Waliandika juu ya kutembea mpaka mwambani maji yakiwa yametoka, watoto kushika kiti cha pweza, mechi ya mpira kwenye mchanga mgumu, mama fulani aliyewafundisha kufunga mwani na kuwacheka vidole vyao. Nilichokuwa nakificha ndicho walichoondoka nacho. Na wale waliotaka kuogelea tu, kutwa nzima, walikuwa wameniandikia pia, kwa adabu: mngetuambia.

Nililiandika upya pamoja na yule jirani, kwa sharti lake: asipigwe picha mtu ambaye hajaombwa. Tangazo sasa linasema hivi: "Bahari iko mbele ya nyumba ikijaa, ikipwa siku za bamvua inakwenda zaidi ya kilomita moja, na hapo ndipo kijiji kinapoingia kazini. Tuambie tarehe zako tukuambie maji yatakuwaje. Ukitaka kwenda shambani na kina mama, omba, na uwalipe muda wao. Jua utaliona likichomoza, ukiamka, adhana itakusaidia. Maji ya kuoga yana chumvi kidogo, ya kunywa tunaleta. Umeme hukatika mara mojamoja. Baraza lina upepo wa kusi na wa kaskazi, na mchana hutahitaji feni." Ami aliposoma hilo la umeme alinipigia simu kutoka Muscat, akaniuliza kama nataka kupangisha nyumba au kuifungia.

Wanaouliza wamepungua kidogo, sitaficha. Wanaokuja wanakaa siku nyingi zaidi na hawanitafuti asubuhi wakiwa wamekunja uso. Anayetaka kuogelea saa yoyote, au mwenye mgonjwa wa magoti na tarehe zisizobadilika, namwambia aende Nungwi au Kendwa, ambako maji hayamkimbii mtu kiasi hicho. Ami hajanisamehe hilo bado. Namba ya yule bwana wa Dar ninayo. Nimemtumia nusu ya pesa alizolipa, pamoja na tarehe za maji mafu za miezi mitatu inayofuata, na ujumbe wa kuomba radhi kwa mama yake. Pesa alizipokea. Kuhusu tarehe hajajibu.