Anang'ata?

Karibu kila aliyepiga simu kuhusu Tomi aliuliza kwanza, "Anang'ata?" Mwenye yadi ya mbao wa Kihonda alitaka kujua na uzito. Nikisema ni mbwa wa miaka 8 na macho yake yanakwisha, kimya kilipita, kisha, "Sawa, nitakucheki." Hakuna aliyenicheki.

Siwalaumu. Kwetu mbwa ni kazi. Kuna nyumba zina kibao cha "Mbwa mkali" na hazina hata paka. Babu naye alimchukua Tomi alinde nyumba, halafu akauharibu mpango mwenyewe kwa kupiga naye soga kila jioni. Alipofariki mwaka jana, ukoo uliamua nyumba ya Kilakala iuzwe. Mjukuu pekee aliyekuwa Morogoro ni mimi, nasoma shahada ya uzamili, nimepanga chumba kimoja kwa mwenye nyumba asiyetaka hata kuku. Mnunuzi alitupa hadi mwisho wa mwezi.

Macho yalianza kumsumbua usiku. Mchana alikimbiza mijusi kama kawaida, lakini giza likiingia alisimama mlangoni, mguu mmoja juu, kama mtu anayepima kina cha mto. Daktari wa mifugo alimmulika akasema ni retina, inakufa polepole: uwezo wa kuona gizani hutangulia kupotea, wa mchana hufuata. Dawa hakuna. Maumivu pia hakuna, na hilo nilimwomba alirudie. Akaniambia pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, yangu ina milioni chache tu, kwa hiyo Tomi ataijua nyumba kwa pua na nyayo. "Ila msihamishe viti," alisema. Mimi nilikuwa nahamisha nyumba nzima.

Baba mdogo alishauri sindano. Hakusema kwa ukatili. Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kwenye msiba. "Unamhurumia yeye, au unajihurumia wewe?" Swali hilo lilininyima usingizi siku mbili. Siku ya tatu nilimwona Tomi amelala kwenye jua la saa nne, tumbo juu, akinusa samaki wa jirani kwa raha zote, nikampigia baba mdogo kumwambia hapana.

Mwalimu mstaafu wa Bigwa, aliyewahi kufundisha shule moja na babu, hakupiga simu. Alikuja kwa bodaboda. Alikaa kwenye ngazi, akamwacha Tomi amnuse viganja, ndipo akauliza, "Babu yako alikuwa anamwita kwa jina au kwa mluzi?"

Kwa mluzi. Nilishindwa kujibu mara moja.

Nilikuwa na wasiwasi na umri wake, amepita 70. Akaniambia, "Mwanangu, nani atatangulia hatujui. Wajukuu wapo." Nilipojitolea kutuma elfu thelathini kila mwezi alipokea bila kuzungusha maneno. "Dagaa wamepanda," alisema, nami nikazidi kumwamini.

Tulimhamisha kidogo kidogo. Wiki nzima nilimpeleka Bigwa jioni kwa kamba na kumrudisha. Mwalimu alikata gunia, akatandika kipande juu ya ngazi na kingine chini, nyayo zijue zimefika wapi. Wajukuu walifundishwa kumwita kabla ya kumgusa, maana hata mbwa mpole akishtushwa huweza kung'ata. (Kwa hiyo ndiyo, wenye simu, pengine anang'ata.) Nilikabidhi kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, sahani yake, na koti la babu ambalo sikulifua. Shangazi alikuwa amelitaka koti lile. Nilimwambia limeshapata mwenyewe.

Jioni ya mwisho niliifungua kamba nikaiweka mfukoni. Tomi alinifuata hadi juu ya ngazi, akakanyaga gunia, akasimama. Nilikuwa mbele yake, hatua kama sita, nimebana pumzi. Pua yake ilikuwa inanitafuta. Ndani, Mwalimu aliinuka kwenda jikoni, na funguo alizofunga kwenye ncha ya kanga zikalia. Tomi aligeuza masikio kwanza, kisha kichwa, kisha mwili wote, akazifuata.