Gharama ya Kuwa Tayari

"Hela hizi zitarudi lini?" Wahasibu wana haki ya kuuliza hivyo kila kiwanda kinapotaka kuwekeza katika uwezo wa kuhama haraka kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Taabu ni kwamba hesabu zao hupima bidhaa ya leo na soko la leo.

Korona ilipoingia Kenya, Machi 2020, barakoa zilikuwa adimu. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichozoea kushona sare, kikageukia barakoa. Vyerehani vilikuwepo, na mafundi pia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ni mhasibu gani angeiweka barakoa kwenye makadirio yake?

Nimewahi kumtazama fundi akihama kutoka kaki kwenda kitambaa chepesi. Anachomoa sindano namba 16, anatia namba 11, anabadili uzi, anarekebisha mkazo wake, anajaribu kwenye kipande. Dakika chache tu, ikiwa kila kitu kiko karibu. La sivyo ataanza kuzunguka: sindano kaazima nani, uzi umefungiwa stoo, mwenye ufunguo kaenda kula. Hapo ndipo pesa huvuja, tena bila risiti.

Mwaka 1969, pale Toyota, kubadili kalibu kwenye presi ya tani 1,000 kulichukua saa nne. Mhandisi Shigeo Shingo na wenzake waliushusha muda huo hadi dakika 90, baadaye hadi dakika tatu. Walichambua kila hatua, na zile ambazo hazikuhitaji mashine isimame wakazimaliza mapema, presi ikiwa bado inafanya kazi.

Jambo hilo limebadili hata ninavyopanga maisha yangu. Ujuzi wa pili nautafuta wakati kazi ya kwanza bado inanilipa. Mshahara ukishakatika, ada ya kujifunza itatoka wapi?

Nikirudi kiwandani, kwa kuwa hasara hizi huvuja bila risiti, ningependa bodi, kabla ya kukataa ombi la fedha za kujiandaa kuhama haraka, idai takwimu mbili: saa ambazo mashine zilisimama zikingoja kubadilishwa, na oda zilizokataliwa kwa kuwa ndogo mno au za haraka mno. Hizi za pili mara nyingi haziandikwi popote, kwa sababu mteja akiambiwa haiwezekani huenda zake kwa mwingine. Mtu wa mauzo apewe daftari, aanze kuziandika sasa.