Moshi wa London
Mji wa London umejengwa katika bonde la mto Thames, na zamani nyumba zake zilipashwa moto kwa makaa ya mawe. Tarehe 5 Desemba 1952 upepo ulitulia katika baridi kali. Moshi wa madohani ukachanganyika na ukungu, usipate pa kutokea. Kwa siku 5 makondakta walitangulia mabasi kwa miguu, taa mkononi. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kufa, hasa wazee na wenye maradhi ya kifua. Wataalamu wa baadaye wametaja hata 12,000. Ndipo mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kuzuia moshi. Meko yalikuwa ya kila mtu nyumbani kwake, bali hewa ilikuwa ya wote.