Ukumbi Uliojengwa kwa Ajili ya Harusi



Wengi mmetuuliza tulipotelea wapi mwezi mzima. Tulikuwa Ujerumani, kwa mama yetu mdogo anayeishi Nürnberg. Alifanyiwa operesheni ya goti, tukaenda kumuuguza. Alhamdulillah, sasa anatembea.

Kama mnavyojua, sisi ni ndugu wawili na kazi yetu ni kupamba maharusi na kumbi zao. Basi siku moja mama mdogo akatuambia, "Nyie watu wa mapambo, kuna mji hapo mbele, kama saa moja kwa treni, una ukumbi uliojengwa kwa ajili ya harusi. Nendeni mkaone wenzenu walivyofanya." Hatukuambiwa mara ya pili. Tulivaa mabuibui na makoti juu, tukatoka.

Mji huo ni Bayreuth. Wanaokwenda huko wengi humfuata mtunzi wa muziki Richard Wagner na jumba lake lililoko kilimani. Sisi tulilitaka la zamani zaidi, liko chini mjini, limebanwa na majengo mengine kando ya barabara. Kwa nje ni jengo la mawe la heshima tu. Ukipita mlangoni ndipo unapovuta pumzi.

Subhanallah! Ghorofa juu ya ghorofa za vyumba vidogo vya kukalia, nguzo, mataji, maua, dhahabu kila jicho linapotua. Huo ndio mtindo wa baroko, uliopendwa na wafalme wa Ulaya zama hizo: hakuna kona inayoachwa tupu. Aliyebuni mapambo ya ndani ni Giuseppe Galli Bibiena, Mwitaliano wa ukoo uliosifika kwa kazi hii. Tukasogea tuzitazame zile nguzo za marumaru. Kumbe ni mbao! Mbao na turubai, zimepakwa rangi mpaka jicho linadanganyika. Tulitazamana tukacheka, maana na sisi tumeshawahi kufunika mabomba kwa vitambaa yakaonekana nguzo za kasri.

Aliyeagiza jumba hili ni mama wa bi harusi. Aliitwa Wilhelmine, dada wa Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia. Aliolewa na mtawala wa Bayreuth, eneo dogo lisilo na utajiri mkubwa. Alikuwa mwanamke msomi, alipiga ala za muziki na hata kutunga opera yake mwenyewe, yaani mchezo wa kuigizwa kwa kuimba. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Elisabeth. Mwaka 1748 binti huyo aliozwa kwa Carl Eugen, mtawala wa Württemberg, na jumba likafunguliwa kwa sherehe hizo. Bi harusi alikuwa na miaka 16, bwana harusi 20.

Hapo ndipo tulipotaka kujua: ndoa ikawaje?

Ndoa haikudumu. Walipata mtoto mmoja wa kike, akafariki akiwa na mwaka mmoja tu. Mume alikuwa na wanawake wengine na wala hakujificha. Mwaka 1756, miaka minane baada ya harusi, Elisabeth alirudi Bayreuth kwa wazazi wake. Hakurudi tena kwa mumewe, wala hawakuachana rasmi. Miaka miwili baadaye mama yake akafariki. Yeye aliishi mpaka 1780, na lile jumba likabaki mjini pale pale.

Tulikaa kwenye viti kimya. Wanaotujua wanajua kwa nini. Mmoja wetu aliolewa kwa harusi iliyozungumzwa mtaa mzima: ukumbi wa taa za kuning'inia, magauni matatu, keki ya ngazi saba. Baada ya miaka miwili alirudi nyumbani na begi moja, na deni la ukumbi bado halijamalizika. Miezi ile ya maandalizi tulijadili rangi ya vitambaa usiku na mchana. Hakuna aliyemuuliza, "Mwenzio akikasirika anafanyaje? Pesa zake anazipangaje?" Sisi wenyewe hatukuuliza, na ndio tuliokuwa karibu naye kuliko wote.

Hatusemi Wilhelmine alikosea kumpendezeshea mwanawe. Mama gani hapendi? Lakini ndoa yake mwenyewe ilishamuumiza, mumewe alimwelekea mwanamke aliyekuwa karibu naye. Alijua maumivu, na bado alichoweza kumjengea mwanawe ni ukumbi. Nyumba ya mtu na mumewe hajengewi na mama.

Jioni mama mdogo alituongezea hadithi ya pili. Wilhelmine alikuwa na mdogo wake, Lovisa Ulrika, malkia wa Sweden. Kasri la Drottningholm, karibu na Stockholm, alipewa kama zawadi ya harusi mwaka 1744, na mwaka 1766 likafunguliwa pale jumba lake la maonyesho. Mwanawe, mfalme Gustav wa Tatu, alipouawa mwaka 1792, jumba likafungwa, likageuzwa stoo. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliingia kutafuta mchoro, akakuta jukwaa na mandhari yake ya zamani chini ya vumbi. Mitambo ya mbao bado inafanya kazi. Watu husimama chini ya jukwaa, wasikoonekana na mtazamaji, wakazungusha gurudumu kwa pamoja, na msitu ukageuka kasri kwa sekunde chache. Ngurumo ni mawe yanayobingirishwa ndani ya sanduku la mbao.

Tulilala tukiwaza watu hao wa chini. Mtazamaji anasifu kasri, lakini pasipo wao hakuna kinachosogea. Mmoja akiacha kusukuma, wenzake wanaelemewa.

Tumerudi nyumbani, na mdogo wetu anaolewa mwezi ujao inshaallah. Mama alishataja ukumbi mkubwa. Tulimkalisha tukamweleza habari za Bayreuth, akanyamaza, kisha akasema, "Basi tufanye uani kwa bibi." Tutapamba, tena sana, asumini na vikuba mpaka majirani wanuse. Ila jioni tatu za kwanza ni za somo wake na sisi dada zake, na maswali yote yaliyokosa kuulizwa mara ile.

Bi harusi unayesoma, chagua gauni lako kwa raha. Kisha kaa na mwenzio muulizane. Allah awajaalie mapenzi na huruma baina yenu, na taa zikishazimwa mbakie mnafurahiana. Amin.