Njiani Kwenda Matema, na Mbwa Mkononi

Mtu akitoka Kyela kwenda Matema hupita Ipinda, kati ya mashamba ya mpunga na kakao. Mbele yake milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na chini yake Ziwa Nyasa limetandaa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia ziwani upande huu wa kaskazini. Maji hayo ndiyo yanayostawisha mpunga, na ndimo wakaamo mamba na viboko.

Siku moja nilishika njia hiyo kwa miguu pamoja na mzee mwenyeji. Mbwa wake alikuwa amefungwa kamba ya katani shingoni. Nikacheka: “Mzee, siku hizi mbwa huswagwa kama mbuzi?”

Akanijibu: “Mwanangu, huyu ni wa pili. Wa kwanza alizoea kunywa maji mtoni mahali pamoja kila asubuhi. Mamba naye akapazoea. Siku ile mjukuu wangu alikimbilia majini kumwokoa mbwa. Tulimkamata mtoto maji yakimfika magotini.”

Sikucheka tena.

Mamba hulala chini ya maji karibu na ukingo, wala huoni dalili yake. Kwa hiyo tulipokaribia mto, mzee hakumwacha mbwa ateremke. Alifungua kibuyu alichobeba kutoka nyumbani, akammiminia maji katika kata, mbali na ukingo.

Akanionyesha pia nyayo za kiboko katika majani. Mnyama huyu hutoka majini usiku kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Mbwa akimbwekea, kiboko hukasirika. Kisha mbwa hukimbilia kwa bwana wake, na kiboko nyuma yake! Basi alfajiri mshike mbwa karibu nawe, wala usisimame kati ya kiboko na maji.

Penye majani marefu yuko swila. Mbwa hunusanusa, naye swila humtemea sumu machoni. Hapo usimsugue, mwoshe macho mara moja kwa maji safi mengi.

Tena kuna hatari isiyoonekana. Mbwa akiumwa na bweha mwenye kichaa, aweza kukileta ugonjwa huo nyumbani. Dawa ya kukinga ipo tangu zamani: tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Lakini dalili zikisha kutokea kwa mtu, ni vigumu sana kuokoka. Kwa hiyo mbwa achanjwe kila mwaka. Na mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.

Tulifika Matema jua likiwa juu. Vyungu vya Wakisi vilikuwa vimepangwa ufukoni, na watoto walikuwa wakicheza. Mzee alimfunga mbwa wake chini ya mwembe, mbali na maji.

Basi wazazi, mbwa hutulinda usiku, nasi yatupasa kumlinda mchana. Kabla ya kumtuma mtoto mtoni, mfungeni mbwa nyumbani. Maana mbwa akiingia majini, mtoto ampendaye atamfuata.