Kutosha Makala

Msomaji wa Dar es Salaam akimsikia fundi wa Lubumbashi akisema «tunaenda kutosha makala», atafikiri gazeti limejaa na mhariri amechoka. Kwake yeye kutosha ni kutopungua, na makala ni maandishi kama haya. Kwetu Katanga kutosha ni kuondoa, na makala ni yale meusi tunayopikia bukari. Fundi huyo alikuwa anazungumzia gari la baba yangu. Moteri ilikuwa imejaa makala, na dawa aliyoitoa ilikuwa kulipeleka gari kwenye barabara ya Likasi na kulikimbiza.

Nitaeleza kazi yenyewe kwanza, kisha maneno yake. Asiyeijua kazi hawezi kuyafungua maneno.

Gari ni Toyota Altezza, aina iliyouzwa Japani kati ya 1998 na 2005. Usukani wake uko kulia, kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Moteri yake ni ya lita 2, silinda 4 na valvu 16, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, na nguvu zake huonekana inapozunguka kwa kasi sana. Baba ni mstaafu wa reli. Alilipenda gari hilo kwa umbo lake, akalinunua likiwa limetumika, na tangu hapo analipeleka kanisani, sokoni na nyumbani. Safari zote hizo ni za kilomita tatu au nne, katika gia ya pili.

Baada ya mwaka mmoja gari lilianza kutetemeka likisimama kwenye taa. Asubuhi lilitoa moshi mweusi, na esansi iliisha haraka kuliko zamani. Fundi wa kwanza alitaka kufungua kulase, yaani kichwa cha moteri, na bei aliyotaja ilikaribia ada yangu ya mwaka mzima. Nyumbani tulifanya hesabu kimya kimya. Kila mmoja alijua ni kitu gani kingengoja, na hakuna aliyetaka kulitamka.

Fundi wa pili, mtu wa upande wa Sakania, hakutaja bei. Alitoa buji zote nne akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa nyeusi, lakini kavu, na weusi wake ulifutika kwa kidole. Akamgeukia baba:

«Papa, hii mutoka iko na ugonjwa ya kutembea polepole. Moteri ya kukimbia, munaipa paka kazi ya kubeba Biblia.»

Alitueleza kwamba ukavu ule ndio habari njema. Buji ikitoka imelowa mafuta ya moteri, maana yake mafuta yanapenya kutoka kwenye segmenti za pistoni au kwenye valvu, na hapo hakuna mbio zitakazoponya. Masizi makavu huja kwa njia nyingine. Moteri ikiwa bado baridi hupewa esansi nyingi kuliko inavyoweza kuchoma vizuri. Safari ikiwa fupi, moteri huzimwa kabla haijapata moto wa kutosha, na ile kaboni isiyoungua hubaki kwenye buji, juu ya pistoni na kuzunguka valvu. Buji ina uwezo wa kujisafisha, ila ncha yake lazima ifike joto la nyuzi 450 hadi 500 hivi ndipo masizi yaungue. Kwenda kanisani hakulifikishi huko.

Kwa Kiingereza dawa hii ina jina la mzaha: matengenezo ya Kiitaliano. Mzaha huo una historia nyuma yake. Magari ya mbio ya Italia ya zamani yalikula kwa karibureta, mara nyingi za kampuni ya Weber ya Bologna, na Ferrari yenye silinda 12 kama Daytona ilibeba 6. Kupanga karibureta sita zipumue pamoja ni kazi ngumu, na tajiri aliyelitembeza gari kama hilo mjini alilirudisha gereji likikohoa. Fundi alipolipeleka nje ya mji akalifungulia, mara nyingi kikohozi kilikwisha. Italia ilikuwa na mahali pa kufanyia hivyo, kwa maana barabara kuu ya Milano hadi Napoli ilikamilika mwaka 1964. Kwa hiyo kuna kichekesho kidogo katika kisa chetu. Gari letu ni la Kijapani, lakini jina lake ni la Kiitaliano. Altezza ni kimo, na pia ni cheo cha wana wa mfalme, kama Wafaransa wanavyosema altesse.

Tuliondoka Jumapili alfajiri, kabla malori ya shaba hayajajaa barabarani. Fundi alikuwa kwenye usukani, baba pembeni yake, mimi nyuma. Fundi alikwisha pima mafuta na maji, na kwa kilomita ishirini za kwanza aliendesha taratibu kabisa, kwa sababu kuikimbiza moteri yenye mafuta baridi ni kuila. Kisha akarudi gia ya tatu, akakanyaga. Sindano ikapanda hadi 5,000, ikapita. Gari lililozoea kubeba Biblia likatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nyuma yetu likatoka wingu jeusi, halafu la pili jepesi zaidi. Akaachia mguu, gari likajizuia lenyewe kwa moteri, kisha akakanyaga tena. Alifanya hivyo kwa nusu saa, na kila alipoona lori au watu pembeni alipunguza. Mwendo wenyewe haukuwa wa kutisha sana. Alikuwa anatafuta mzigo na joto la moteri, na gia ya chini humpa mtu vyote viwili bila kulipeleka gari mbio za kichaa.

Tuliporudi mjini gari lilisimama kwenye taa bila kutetemeka. Fundi aliweka buji mpya, akasema mwezi ujao atazitoa tena azitazame. Hakuahidi zaidi ya hapo. Dawa hii ina mipaka, na fundi mwaminifu huitaja. Katika moteri nyingi za kisasa esansi hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, wala haioshi tena mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Makala yakiganda pale, ukimbie hadi Kolwezi, yatabaki. Lazima moteri ifunguliwe isafishwe, na kwa wengine kazi hiyo hufanywa kwa kupulizia maganda ya jozi yaliyosagwa.

Sasa maneno. Buji ni bougie ya Kifaransa, mshumaa, na mshumaa huo ulipata jina kutoka mji wa Bougie, leo Béjaïa nchini Algeria, uliokuwa ukiuza nta. Mtanzania anasema plagi, kwa sababu yeye aliazima kwa Mwingereza. Lakini neno lililonishika ni calamine. Mafundi wetu waliosoma husema «kudekalamine moteri», kutoka décalaminer. Kwa Kifaransa calamine ni ukoko wa kaboni ndani ya moteri, na pia ni mawe yenye zinki. Huko Ubelgiji kuna mji unaoitwa La Calamine, kwa Kijerumani Kelmis, uliokua juu ya machimbo hayo. Neno linashuka kutoka cadmia ya Kilatini, ambayo tangu kale ilitaja mawe hayo na pia ukoko ulioganda kwenye kuta za tanuri. Kwa hiyo fundi wa Lubumbashi, mji wenye Kipushi na zinki yake jirani, anapolitumia neno hilo kwa masizi ya moteri, anashika uzi mrefu wa watu wanaofanya kazi na moto.

Hata hivyo nilichokileta nyumbani kutoka safari ile hakikuwa etimolojia. Baba na fundi, walipogundua kwamba wote ni Babemba, waliacha Kiswahili kabla ya kilomita ya kumi. Baba alisimulia miaka yake ya reli, fundi akasimulia lori lililoanguka. Mimi nilielewa kuanguka, nilielewa lori. Nikauliza kwa Kiswahili: «Lilianguka leo ama jana?» Wakacheka wote wawili. Baba akasema: «Mwanangu, kitenzi kimekwisha kukuambia.»

Ni kweli. Kibemba hakina wakati uliopita mmoja. Kitenzi hutofautisha lililotokea leo, lililotokea jana, na lililotokea zamani, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na toni. Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani, nimeyapanga kwenye jedwali, nimepata alama nzuri. Lakini nyumbani kwetu Kibemba ni mulishani ya asubuhi, kisha tunaingia Kiswahili. Ni lugha tunayoipeleka kanisani na kuirudisha. Pale nyuma ya gari niliisikia kwa mara ya kwanza ikibeba mzigo: ugomvi, hesabu, kicheko, mtu aliyekufa zamani na ajali ya jana katika sentensi moja.

Wenzangu wengi wa kitivo wako kama mimi. Mababa zetu wana Kisanga, Kiluba, Kirund, Kilamba, na sisi tuna salamu zake. Tumezoea kusema kwamba lugha hizo zinakufa, kana kwamba ugonjwa unatoka nje. Mimi naanza kufikiri kama yule fundi, kwamba kwanza tuzitoe buji tuzitazame. Baadhi ya tulichopoteza ni masizi makavu, na yatatoka tukiipa lugha safari ndefu yenye mzigo. Baadhi yameganda mahali ambapo mazungumzo peke yake hayafiki, kama toni ambazo sikio langu halikuzipata utotoni. Huko lazima tufungue, na kazi ya kufungua ndiyo iliyotuleta katika kitivo hiki.

Nimeamua tasnifu yangu itahusu wakati uliopita katika Kibemba cha vijana wa Lubumbashi, nikilinganisha na cha wazee wa Sakania. Baba amekubali kunipeleka likizo ijayo. Tutapitia Kasumbalesa, yeye mwenyewe kwenye usukani, na fundi amemwonyesha sindano isishuke chini ya wapi. Ameweka sharti moja. Tangu tutakapotoka nyumbani, Kibemba tu, na atakayerudi kwenye Kiswahili kwanza ndiye atakayelipa peaje.

Nimeanza kuweka akiba ya faranga.