Nizwa: Kiingereza cha Wazungu, Kiswahili changu

MWENZENU Desemba nilikuwa Muscat. Msinionee wivu, sikwenda kutanua. Binti wa mama mkubwa ameolewa huko, akajifungua, basi ukoo ukanituma nipeleke kanga, ubuyu na salamu. Siku kumi za mwanzo kazi yangu ilikuwa kubembeleza mtoto na kuitazama bahari dirishani. Siku ya kumi na moja shemeji akaniona nimenuna. Akasema, "Dada, utarudije Dar hujaona ngome hata moja? Watakucheka."

Akanilipia safari ya watalii ya siku moja: Nizwa, Jabrin na Bahla, miji ya kale iliyoko huko ndani milimani. Riali 30, na riali 1 ni zaidi ya dola 2 na nusu za Marekani. Hesabu pigeni wenyewe, mimi niliogopa kuipiga.

Saa 11 alfajiri shangingi likapiga breki mlangoni. Ndani kulikuwa na mzee wa Kijerumani na mkewe, wastaafu, wamevaa kofia pana kama wanakwenda kuvuna mpunga. Dereva ndiye huyo huyo mwongoza watalii: mtu wa miaka hamsini na kitu, kanzu nyeupe pee, kofia ya viua kichwani. Alikuwa anaporomosha Kiingereza kama maji ya bomba. Nikajikunyata zangu nyuma, mgeni mwenye adabu.

Hatujatoka hata mjini, simu yake ikalia. Akaitika: "Ee mama, nshawachukua wageni. Huo mkate wa kumimina niwekee, n'takula mie n'kirudi."

Jamani! Niliruka kitini.

"Kumbe Ami unajua Kiswahili?"

Akanitazama kwenye kioo, akacheka. "Kujua? Mie nimekinyonya, mwanangu. Mama yangu kazaliwa Unguja, Mkunazini. Weye watoka wapi, Bara?"

Kwa wale waliokuwa wanatoroka kipindi cha historia, Seyyid Said wa Oman ndiye aliyehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na kuendelea. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wakakimbia, na Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970 waliotawanyika wakaitwa nyumbani. Walirudi na Kiswahili chao. Ndiyo maana leo Muscat unaweza kumsengenya mtu dukani na akageuka kukujibu.

Kuanzia hapo gari likawa na idhaa mbili. Wajerumani wanapata maelezo kwa Kiingereza, mimi napata kwa Kiswahili. Sikujua bado kwamba vipindi vyenyewe si sawa.

Kutoka Muscat hadi Nizwa ni kama kilomita 160 za lami laini. Pembeni ni milima mikavu, rangi ya chokoleti, haina hata kichaka cha kujifichia digidigi. Halafu ghafla unatokea msitu wa mitende na mnara wa duara mnene katikati yake. Umefika.

Tulienda Ijumaa makusudi, maana Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya mnada wa mbuzi. Kwetu mnadani mbuzi amefungwa na mteja ndiye anayezunguka. Nizwa wateja wamejipanga pande mbili, wengine wameketi, na wauzaji wanawazungusha mbuzi mbele yao huku wakipiga kelele za bei. Mbuzi kama mabinti wa mashindano ya urembo! Mteja akimpenda anamshika, anamfungua mdomo kuangalia meno, anampapasa mgongo, kisha ama wanaelewana au mbuzi anaendelea na raundi. Kuna kina mama pale wamevaa barakoa zao, na kwa kupunguza bei hao ni hatari kuliko wa Kariakoo. Beberu mmoja alikwenda kwa riali 140. Ami akaniambia yule ni wa kawaida tu.

Ngome yenyewe iko hatua chache kutoka sokoni. Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, yule aliyewatimua Wareno Muscat mwaka 1650, ndiye aliyeijenga, na kazi ilichukua kama miaka 12. Mnara umejazwa udongo na mawe sehemu ya chini ili mzinga ukipiga usitoboe kitu. Ngazi ya kupandia ni nyembamba na ina kona kona na mlango juu ya mlango. Juu ya kila mlango kuna tundu. Adui akikwama hapo anamwagiwa asali ya tende iliyochemka. Kuna hata chumba cha kuipatia hiyo asali: magunia ya tende yalilundikwa, uzito ukayaminya, asali ikatiririka kwenye vijifereji sakafuni. Mama wa Kijerumani alipouliza kama asali hiyo hiyo ndiyo waliyokula na mkate, Ami akajibu, "Same, madam." Nikacheka hadi mlinzi akanitazama.

Ijumaa haisubiri mtu. Tukakimbizana na saa tufike Jabrin kabla ya swala.

Jabrin ndiko niendako kukusimulia hasa. Nizwa ni ngome ya vita; Jabrin ni kasri la mtu aliyependa maisha. Lilijengwa miaka ya 1670 na Bil'arab, mtoto wa yule Imamu wa Nizwa. Dari zimechorwa maua, kuna darasa la wanafunzi juu, kuna chumba cha farasi ghorofani (sijui farasi alipandaje, ngazi ile mimi mwenyewe nilihema), na mfereji wa maji, wanaouita falaj, unapita humo humo ndani. Maji yanatoka mbali huko, yamechimbiwa njia, yanashuka yenyewe bila pampu. Mifumo mitano ya namna hiyo ya Oman iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na mmoja wao, Daris, uko Nizwa.

Bil'arab alikuwa na mdogo wake, Seif. Wakagombana. Mdogo akamzingira kaka humo humo kasrini, na Bil'arab akafia ndani mwaka 1692. Kaburi lake liko chini pale. Huyo Seif aliyembakia utawala ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Fort Jesus ya Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi likaiteka Desemba 1698. Ile tarehe niliyochapwa fimbo darasani kwa kuisahau! Nimesimama kwenye nyumba ya mwenye tarehe.

Hapo mwili ukanisisimka, nikajiona na mimi nina sehemu yangu kwenye kasri hili. Nikatazama mfereji. Nikauliza kwa Kiingereza, kwa sauti, ili kila mtu asikie: nani waliochimba? Na watumwa kutoka kwetu, walikuwepo humu?

Ami akanyamaza kidogo. Kisha akajibu, kwa Kiingereza kizuri, kwamba walikuwepo watumishi, kutoka sehemu nyingi. Mzee wa Kijerumani akatoa kijitabu chake akaandika. Niliona alichoandika. Watumishi.

Sikufurahi, na sikuficha. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Wajerumani wamebaki juu wanapiga picha dari, Ami akanisogelea.

"Umeniuliza jambo la ndani mbele za watu, mwanangu."

"Ami, si nimeuliza tu? Na jibu unalijua."

"Nalijua." Akashika ukuta. "Huyo Seif alipokufa, 1711, wenye vitabu wanasema aliacha merikebu 28, watumwa wanaume 700, na theluthi ya mitende yote ya Oman. Wewe wadhani mitende hiyo alimwagilia nani? Si watumishi. Watumwa."

Nikakosa la kusema. Akaendelea yeye, sauti chini.

"Bibi yake mama yangu alikuwa suria. Mmanyema. Kaletwa Unguja mtoto. Jina tunalo moja, hilo alopewa na bwana wake. Lile la kwao, alozaliwa nalo, hakuna ajuaye. Basi usidhani nasahau."

"Sasa mbona huwaambii hawa?"

"Hawa wana kutwa moja na mimi. Nikiwapa neno hilo, ngome wataisahau, falaj watasahau, Bil'arab watamsahau, watarudi kwao na hilo moja tu: Waarabu na watumwa. Na mimi nimo humo pande zote mbili."

Nitasema ukweli, mpaka leo sijakubaliana naye. Unguja utumwa ulifutwa kisheria 1897, Oman kwenyewe hadi 1970. Watu wale walikaa kimya muda mrefu vya kutosha, hawahitaji mtu mwingine wa kuwanyamazia. Lakini nilipotaka kumjibu nikakumbuka safari yetu ya shule Bagamoyo. Tulioneshwa minyororo, tukaambiwa Waarabu, Waarabu, Waarabu, wengine tukalia. Hakuna aliyetuambia ni watawala gani wa kwetu huko bara waliouza, wala ni jamaa gani walioongoza misafara hadi pwani. Yule mwongozaji wetu naye alikuwa na kutwa moja. Nikafunga mdomo.

Bahla tulifika watu wako msikitini. Ngome yake ni kubwa kuliko zote nilizoona siku ile, ya udongo, ya ukoo wa Nabhani waliotawala kabla ya hao wengine, na ukuta wa kuuzunguka mji unakwenda kama kilomita 12. UNESCO waliiandikisha 1987, mwaka uliofuata wakaiweka kwenye orodha ya zilizo hatarini, ikatolewa humo 2004 baada ya matengenezo. Lakini Waomani ukiwatajia Bahla hawakutajii UNESCO, wanakutajia majini. Kuna hadithi ya mti wa sokoni uliofungwa mnyororo ili majini wasiuhamishe usiku. Wajerumani wakaandika hiyo yote, neno kwa neno. Tukala wali wa mbuzi kwa mikono, mimi na Ami sahani moja. Hatukurudia mazungumzo yale.

Njiani kurudi mzee wa Kijerumani alisinzia. Mkewe akanigeukia, mama mpole kabisa, aliyenipa maji yake nilipopungukiwa. Akaniuliza mlikuwa mnazungumza nini pale kwenye ngazi, maana nilionekana kama nataka kulia.

Nilimtazama Ami kwenye kioo. Macho yake yalikuwa barabarani.

Nikamwambia tulikuwa tunazungumzia mitende, nani anaimwagilia.

"Ah," akasema, "very interesting," akarudi kwenye picha zake. Mikono yangu ilikuwa inanuka mbuzi, nikaificha mapajani.

Taa za Muscat zilipoanza kuonekana, simu ikalia tena. Ami akasikiliza, akacheka, akanipitishia nyuma. "Mama huyu. Nimemwambia nimembeba mtoto wa kwao, ataka kukusalimu."

Nikamwamkia shikamoo. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu mzima sana, Kiunguja kisicho na doa. Hakuniuliza habari za ngome. Aliuliza kama maembe boribo yameshaanza.

"Yameanza, bibi," nikamwambia. "Yamejaa mpaka yanaoza sokoni."

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza bei.